Bei ya Kafupi

Kwanza ilinijia harufu ya ngozi iliyochomwa na jua, ngozi ya viti vya gari, wakati pale nilipokuwa nimesimama hapakuwa na gari wala kiti. Nilikuwa kwenye banda la mdogo wangu Asende, katika soko la mji wetu Baraka, mahali anapouza vipuri vya pikipiki. Nilikuwa nimetoka kununua ndagala, dagaa wa ziwani, nikapita kumsalimia. Alikuwa anamfungia mteja mnyororo kwenye karatasi, akanipa simu yake nishike.

"Yaya, angalia hii kintu," akasema; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Halafu uniambie kama mi niko najidanganya."

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na ukumbi mkubwa wenye taa nyingi, watu wamevaa suti, wanawake wamevaa mikufu, na katikati yao, juu ya zulia, gari dogo jeupe la milango miwili. Lilikuwa limelala chini sana, pua imeinama kama kuku anayetaka kudonoa. Mbele taa nne za duara. Nyuma, juu ya buti, bawa. Mtu mmoja mwenye nyundo ndogo ya mbao alikuwa anaongea haraka kuliko mhubiri wa sokoni, na kila alipoelekeza mkono, namba zilizoandikwa ukutani nyuma yake zilibadilika.

"Banaiuzisha ku mnada," Asende akasema. "Kule Ulaya."

"Bei gani?"

Akanitajia. Nikamwomba arudie, nikidhani kelele za soko zimenizibia masikio.

"Milioni. Ya euro. Na bado banaongeza."

Yule mteja aliyekuwa ananunua mnyororo, kijana wa pikipiki anayepeleka wafanyabiashara Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, akanyoosha shingo na kutazama. "Iko ya dahabu?" akauliza.

"Hapana. Iko ya chuma, kama hii yako."

"Ya chuma," akarudia yule kijana, na kwa muda akasahau kwamba alikuwa na safari.

Asende alitusomea maelezo yaliyoandikwa chini ya video. Kwamba kiwanda kilitengeneza chache tu, kwa sababu sheria ya mashindano ilidai idadi hiyo tu. Kwamba zamani gari kama lile alilinunua mtu wa kawaida mwenye kupenda mbio, fundi au mwalimu aliyejinyima, akaliendesha Jumapili akalichafua matope. Siku hizi matajiri wanasukumana, bei inapanda kila mnada, na wale waliokuwa wanalipenda tangu mwanzo wanabaki kulitazama kwenye simu, kama sisi. Nilimsikia nusunusu. Harufu ile ya ngozi ilikuwa imenijaa puani. Nilikaa juu ya tairi. Gari lile nililijua. Niliwahi kushika mabomba ya chuma yaliyo ndani yake kwa mikono yangu miwili, nikiwa na meno ya mbele yaliyong'oka. Tulikuwa nalo nyumbani, hapa hapa Baraka, na jina lake lilikuwa Kafupi.

Papa yetu, Wilondja, alikuwa fundi wa magari kwa bosi mmoja, patron wa Bujumbura, mzungu muuza vitambaa, ambaye siku za wiki alipima mita dukani na Jumapili alishindana kwa magari katika milima ya kule. Kulipoharibika Burundi, yule patron alipanda ndege. Papa alitusimulia mara nyingi jinsi alivyomsindikiza, na jinsi mzungu yule alivyomwekea funguo mkononi na kusema kwamba gari haliingii kwenye ndege, basi alichukue, liwe lake. Papa alivuka mpaka nalo, akapita Uvira, akashuka kando ya ziwa kuja nyumbani. Kwa barabara yetu, gari ambalo tumbo lake liko shubiri moja kutoka chini ni kama mtu anayesafiri kwa kutambaa. Kwenye kila mto vijana walipitisha miti chini yake wakalinyanyua mabegani, kama wanabeba jeneza, na Papa alitembea kando yao akiwa ameshika viatu mkononi, akiwasihi wasiliinamishe upande mmoja.

Alifika mchana. Baraka ya wakati ule ilijua malori, na jeep za misheni ambazo mtu anazitazama kwa kuinua kichwa. Gari la kutazama kwa kuinama hakuna aliyewahi kuliona. Bamama waliokuwa wanatoka shambani walitua vikapu. Watoto wakaanza kuliita Kafupi kabla halijasimama vizuri. Mama alitoka jikoni, akalizunguka, akachungulia ndani akaona kwamba nyuma hakuna kiti, kuna mabomba tu yaliyounganishwa kama kizimba.

"Wilondja," akasema, "umetuletea gari, ao umetuletea mutoto mwingine?"

Hakukosea. Kafupi lilijengewa kibanda cha miti na nyasi kabla jiko letu halijaezekwa upya. Asubuhi Papa alilifuta vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya mawese kabla hajanawa uso. Niliamka nikamkuta ameinama ndani ya injini, anaongea nalo kwa sauti ya chini, kwa Kibembe, maneno ambayo kwetu alikuwa anatusemesha tukiwa wagonjwa tu. Nilikuwa mtoto wa kwanza, nikifuatwa na Asende na kitinda mimba Faila. Niliona, kama watoto wanavyoona, kwamba ndani ya nyumba yetu kuna mtu aliyenitangulia kwenye foleni.

Lakini hata mimi nilimpenda. Jumapili, misa ikiisha, wapenzi wa Kafupi walikuja. Maître Abwe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na suruali yake ya kanisani. Ndayizeye, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa analima mihogo Lubondja, alitoka huko Jumamosi na kulala kwa ndugu zake, ili Jumapili awepo. Kila mmoja alishika chupa ya bia iliyojaa esansi, yaani petroli, imezibwa kwa kipande cha gunzi. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kujaza tangi, kwa hiyo walichanga, na Papa alimimina chupa moja moja kupitia kitambaa, taratibu, kama padri anavyomimina divai.

Halafu aliwasha. Kafupi kwanza lilikohoa. Lilinguruma chini chini hadi kifua chako kikanguruma nalo, kisha Papa akikanyaga, sauti ilipanda ikawa nyembamba, karibu kilio, na mbuzi wa jirani wakakimbia. Ndayizeye alifumba macho kila mara.

"Kule kwetu nilikuwa nasimama juu ya kilima," aliniambia siku moja. "Nilikuwa nasikia hii gari mbele ya kuiona. Mi nilikuwa nasema, Mungu, siku moja unipe nikae ndani. Sasa ona. Nimekimbia vita, njo nimekaa ndani."

Walipokezana. Mmoja mbele na Papa, mimi nyuma nimeshika mabomba, hadi kanisani na kurudi. Ndiyo yote. Safari ambayo mtu anaimaliza kwa miguu kabla mboga haijaiva. Lakini Ndayizeye akishuka alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kubatizwa, akarudi Lubondja kwa miguu ameridhika wiki nzima.

Papa ndiye aliyenidanganya bila kukusudia. Nilimuuliza kwa nini Kafupi ina nguvu hivyo na ni ndogo. "Iko na bafarasi mule ndani," akasema. "Kupita mia mbili." Farasi nilikuwa nimemwona mara moja, kwenye picha ya katekisimu, amepandwa na askari. Nikawaza kwamba wale wa Kafupi lazima wawe wadogo kama panya, wamebanana gizani, na kwamba hakuna anayekumbuka kuwapa chakula. Nikachuma sombe, majani ya mihogo, nikayapenyeza kwenye matundu ya mbele, machache machache, kila jioni. Papa aliyakuta yamekauka yameshikamana na chuma. Alimwita Maître Abwe aje kuona, wakacheka hadi Maître akaketi chini na suruali yake ya kanisani.

"Bafarasi ya hii gari banakunywaka tu," Papa akaniambia. "Habakulake."

Nilielewa basi kwamba farasi wapo. Wapo, na Papa ni mchungaji wao. Na mchungaji, tulifundishwa kanisani, haachi kundi lake.

Vita ilipofika, ilifika kwa masikio. Milio ilitoka upande wa milima, tukadhani ni radi, hadi tulipoona watu wanashuka na magodoro kichwani chini ya jua kali. Baraka nzima ilielekea ziwani. Boti zilizokuwa ufukweni kwetu zilikuwa zimeshaondoka. Papa alitupakia ndani ya Kafupi, Mama mbele na Faila kifuani, mimi na Asende kwenye mabomba, akapita katikati ya watu wanaokimbia hadi Lweba, ambako alimjua mwenye boti mmoja, Muzee Kashindi.

Sijui niliogopa nini zaidi siku ile, milio au uso wa Papa. Hakuwa amenyoa. Alisimama mchangani akiongea na Muzee Kashindi, mikono ya wote wawili ikienda juu na chini, halafu mikono ikatulia. Tulibebwa kuingizwa kwenye boti. Ilikuwa imejaa bamama, kuku, masufuria, bibi mmoja kipofu aliyeshika rozari. Maji yalikuwa karibu kabisa na ukingo. Niliingiza kidole bila kuinama. Papa alimpitisha Asende, akaweka mguu mmoja ndani, na boti ikalala upande. Watu wakapiga kelele. Muzee Kashindi akasema jambo nisilolisikia. Papa akautoa mguu wake.

Nilimtazama akirudi nyuma. Maji yalimfikia kiunoni, kisha magotini, kisha yuko mchangani. Nilingoja ageuke. Alipanda moja kwa moja hadi kwenye Kafupi, akaweka mkono juu ya paa lake, ndipo akageuka kututazama. Mashine ya boti ikawaka. Alibaki vile vile, mkono juu ya paa, kama mtu anayepigwa picha na mali yake.

"Mama," nikasema, "Papa anabakia sababu ya gari?"

"Nyamaza," Mama akasema. "Shika mudogo wako."

Hakusema hapana. Jambo hilo lilinigonga na halikuondoka. Nimewahi kuona watu waliopigwa na habari mbaya wakaanguka, wengine wakalia. Mimi niliganda. Nilimtazama Papa hadi akawa kijiti, na Kafupi likawa kipande cheupe kama ganda la yai, na niliyaona mambo wazi kabisa, kwa akili yangu ya mtoto: alipewa achague, sisi au farasi wake, na amechagua.

Ng'ambo, upande wa Kigoma, tulikaa kambini chini ya karatasi za plastiki. Papa alitufikia baada ya mvua zote za msimu ule kupita. Alikuwa amekonda hadi masikio yake yalionekana makubwa. Faila hakumjua, akalia. Asende alimrukia. Mimi nilisimama kwenye mlango wa hema nimeshika sufuria, na swali langu la kwanza kwake, baada ya miezi yote ile, lilikuwa moja.

"Kafupi iko wapi?"

Alinitazama. "Ilienda," akasema.

Basi. Hakueleza, wala Mama. Alianza kutengeneza baiskeli za watu kambini, na jioni alikaa nje akitazama upande wa ziwa kwa muda mrefu. Nilidhani analililia gari. Miaka yetu yote ya kambini nililala nikiwa na hakika hiyo kama mtu anavyolala na jiwe chini ya mkeka: unalizoea, unageuza ubavu, lakini lipo. Nilimheshimu Papa kama watoto wa kwetu wanavyoheshimu. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikamsalimia asubuhi. Ila sikukaa tena karibu naye.

Tuliporudi Baraka nilikuwa msichana mkubwa. Nyumba ilikuwa kuta tu, na mahali pa kibanda cha Kafupi palikuwa pameota majani. Hakuna aliyelitaja. Siku moja mashine ya kusaga ya mtaani kwetu iliharibika, Mama akanituma Lweba na gunia la mihogo iliyokauka, kwa sababu alisikia kule kuna mashine mpya.

Nilisikia sauti nikiwa bado mbali, kwenye njia ya mashamba. Kikohozi kwanza. Halafu kunguruma chini chini, kifuani. Nilisimama, gunia kichwani. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, karibu kilio. Nilienda mbio. Sikumbuki nilivyolibeba gunia lile.

Ndani ya kibanda cha mabati, juu ya kipande cha simiti, ilikuwa imefungwa kwa boliti injini ya Kafupi. Kile kifuniko chekundu cha juu, ambacho Papa alikuwa anakifuta kwa mafuta ya mawese, kilikuwa cheupe kwa unga. Ukanda mrefu wa mpira ulitoka kwake hadi kwenye kinu, na kinu kilitema unga kwenye beseni, na bamama walikuwa kwenye foleni wakipiga stori. Mwenye mashine alikuwa mama mmoja mnene, nyusi zake nyeupe kwa unga, Mama Sifa, mjane wa Muzee Kashindi.

"Mama, hii mashine ilitoka wapi?" nikamuuliza. Ilibidi nipaaze sauti.

"Eeh, hii? Ilitoka kwa fundi mumoja wa Baraka. Ilikuwa gari, kagari kafupi hivi. Bwana yangu aliikata. Alitaka tu mashine."

"Alimuibia?"

Alinitazama kwa mshangao, akapunguza moto wa mashine ili asikike. "Kuiba? Hapana, mutoto. Ule muntu alilipa nayo. Siku ya kukimbia. Bwana yangu alisema boti imejaa, hata pesa haitasaidia. Fundi akamupa ufunguo. Akasema, uchukue gari, unibebee bibi yangu na batoto. Bwana yangu akakubali."

"Na yeye?"

"Yeye pia alikuwa wa kuingia. Alitia muguu moja, boti ikaanza kukunywa maji. Bwana yangu akasema, muntu mumoja abakie, ao wote mutabakia ndani ya ziwa. Bantu bakaangaliana. Ule fundi akatoa muguu." Alifuta uso kwa kiganja, unga ukabaki mistari. "Akapanda kule kwa gari, kumungojea mudogo wa bwana yangu, amuonyeshe namna ya kuiwasha. Ilikuwa tayari gari ya bengine. Mi nilimupelekea maji, akakataa. Alisimama pale mpaka boti ikapotea. Hata kisha kupotea, alisimama."

Nilikaa juu ya gunia langu. Mama mmoja kwenye foleni aliniuliza kama ni malaria. Nilisema ndiyo. Mashine ikapandishwa moto tena, ikalia, na unga ukaendelea kumiminika. Nilikuwa nimejenga utoto wangu wote juu ya mkono mmoja uliowekwa juu ya paa la gari, na kumbe mkono ule ulikuwa unaegemea tu, kama mtu yeyote anavyoegemea kitu anapoona miguu inamwishia.

Nilirudi nyumbani jua limeanza kupoa. Papa alikuwa uani, amepindua baiskeli ya mtu, anazungusha gurudumu. Nilitua unga, nikaenda nikakaa chini karibu naye, bega langu likigusa lake. Aligeuza kichwa akanitazama kidogo, akatazama unga ulionikaa kwenye nywele, kisha akaelekeza kidevu kwenye spana.

"Nipatie ule ufunguo wa kumi," akasema. Nikampa. Tangu siku ile nilikuwa nakaa pale kila jioni.

Mashine ya Mama Sifa haikudumu. Ilikunywa esansi nyingi kuliko mihogo iliyoletwa, ikafa, na chuma chake kikatawanyika kama vitu vyote vinavyokufa huku kwetu: huyu kachukua boliti, yule kachukua kifuniko. Kwa hiyo niliposhuka kwenye lile tairi bandani kwa Asende, baada ya kuona video, nilifikiri habari imeishia pale. Nilimsahau yule kijana wa pikipiki, aliyesimama akisikiliza nilipokuwa namsimulia Asende yote haya.

Habari ilifika Lweba kabla yetu. Kesho yake asubuhi, Mama Sifa, ambaye sasa ni bibi kizee, alimpigia Asende simu akilalamika kwamba kuna wanaume wanachimba uani kwake. Tulienda wote wawili. Sikuamini macho yangu. Palikuwa na watu wazima, wengine wametoka Misisi na vifaa vyao vya mgodini, wamefungua mashimo pale kilipokuwa kibanda cha mabati. Mmoja alikuwa amepata kipande cha bomba, amekifunga kwenye fulana kama mtoto mchanga. Mwingine alimfuata Asende akimwonyesha bati bovu la banda la kuku, akiapa kwamba ni mlango wa Kafupi. Mwingine alitaka kujua kama Papa anakumbuka namba iliyopigwa kwenye chuma, kwa sababu amesikia kwamba ukipata namba tu, Ulaya wanajenga gari lote kuizunguka. Mama Sifa alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya mashimo, fimbo mapajani, haelewi.

"Banatafuta nini?" akaniuliza. "Dahabu?"

Nilimwona Asende naye, mdogo wangu, mtu mwenye banda lake na watoto wake, ameinama juu ya shimo akitazama ndani kwa macho ambayo sikuyajua. Hakumbuki Kafupi, alikuwa mdogo mno. Njiani tukirudi, nyuma ya pikipiki, aliongea peke yake karibu muda wote.

"Yaya, tungekuwa bantu bengine. Unasikia? Tungekuwa bantu bengine kabisa."

Tulikubaliana kwamba Papa asikie kwetu, asisikie kwa wachimbaji. Siku hizi anatoka kidogo tu. Macho yamefifia na miguu imevimba. Tulimkuta barazani anakunywa chai, Mama kando yake anachambua maharage kwenye ungo. Asende alimwekea simu karibu na uso. Papa aliishika kwa mikono yote miwili. Alitazama magurudumu kwanza, halafu taa, halafu akakaa anatazama bawa hadi video ikaisha, akaomba irudiwe.

"Hawajaiwasha," akasema.

"Hawaiwashi, Papa. Baliisukuma tu kuiingiza."

"Ni nani ataiendesha?"

"Hakuna. Mununuzi ataiweka ndani ya nyumba."

Hapo Asende akamwambia bei. Papa aliweka kikombe chini, lakini hakikufika mezani vizuri, chai ikamwagika ikatiririka hadi sakafuni, na hakuna aliyeinuka kuifuta. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nimemwona Papa akizika ndugu zake, nimemwona akitoka vitani. Sikuwahi kumwona amepigwa namna ile. Alimwomba Asende arudie, na Asende akarudia, polepole, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa.

Kuku waliingia barazani wakatoka. Papa alipoongea, hakuwa anaongea nasi. Alikuwa anamtazama Mama.

"Kama ningejua," akasema, "ningemuomba Kashindi nafasi moja tena ndani ya boti."

Mama hakuinua kichwa. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani, akaendelea kupepeta.

"Haikukuwa nafasi, Wilondja," akasema. "Hata kwa hiyo bei." Kisha akaacha ungo, akanyanyua kiganja chake, akakiweka ubavuni pake, chini kidogo ya kifua, pale ukingo wa boti ulipokuwa unamfikia. "Maji ilikuwa imefika hapa."